Paka shume anayehamishwa: ahame peke yake au na mwenzake?

Jibu la swali hili hupatikana kabla mtego haujategwa, pale pale paka anapoishi sasa. Akishafungiwa kizimbani mahali pageni, karibu kila anachokifanya kinatokana na hofu, na anayejaribu kusoma upweke machoni mwake wakati huo atakosea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko mwanzoni, kwenye kumtazama akiwa kwao.

Paka shume tunayemzungumzia ni yule aliyekulia nje bila kuzoea mikono ya watu. Paka hujifunza kuwazoea binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Aliyekipita kipindi hicho bila kushikwa huendelea kumwona mtu kama hatari, lakini paka wenzake anaweza kuwapenda sana. Paka aliyewahi kufugwa ndani kisha akapotea ni habari nyingine. Huyo anamhitaji mtu kuliko anavyohitaji paka. Ukiona mmoja anakujia mkia juu, analia akikuelekea au anakaa karibu nawe bila kula, mpeleke akapimwe na kutafutiwa nyumba kabla ya kufikiria kumhamishia mahali pengine pa nje.

Kuhamisha kwenyewe kuwe hatua ya mwisho: jengo linabomolewa, kuna anayewatilia sumu, au chakula hakitakuwepo tena na hakuna wa kuwalisha. Paka shume anajua kila tundu la kujifichia katika eneo lake, na ukimtoa unamnyang'anya ujuzi huo wote kwa siku moja. Mwenza, kama anaye, ndicho kitu pekee cha maisha yake ya zamani unachoweza kumpa aende nacho kikiwa hai. Kama hanaye, huwezi kumtengenezea mwingine kwa haraka.

Mtazame kwao kwa siku 7 hadi 10

Chagua saa ya kulisha, ufike nusu saa kabla na ubaki nusu saa baada ya chakula kwisha. Kama unajua wanapolala mchana, pita mara moja moja ukiwa mbali. Kwa kila paka andika vitu vitatu: amekuja na nani, amegusana na nani, ameondoka na nani. Kamera ndogo ya usiku iliyofungwa karibu na chakula itakuonyesha mengi zaidi, maana paka shume hubadilika mtu akiwepo.

Dalili zenye uzito ni hizi: wanalala wakiwa wamegusana miili, wanalambana kichwani na shingoni, wanasuguana ubavu kwa ubavu na kuzungushiana mikia, au mmoja anamwendea mwenzake akiwa amesimamisha mkia wima na wanagusana pua. Ukiiona mojawapo kati ya paka wale wale wawili kwa siku 3 tofauti, wahesabu kuwa ni jozi, hata kama hukuwahi kuwaona wakicheza.

Kula sahani moja si dalili. Njaa huwaweka pamoja paka wasiopendana, na wengi wamechagua jozi isiyo jozi kwa kutazama sahani tu. Mara chakula kikiisha ndipo utaona ukweli: wasiohusiana hutawanyika kila mmoja njia yake, lakini wenza hukaa kidogo, hujilamba karibu karibu, kisha huondoka wakifuatana. Vivyo hivyo dume anayemfuata jike kwenye joto si mwenza wake. Mtazamo mzuri zaidi ni ule wa baada ya kundi zima kuhasiwa na kufungwa kizazi.

Ujue pia nani huelekea kuwa nani. Kiini cha makundi mengi ni majike wa ukoo mmoja: mama, binti, madada, na mara nyingi hulea watoto pamoja. Hao wakitenganishwa hupoteza mengi. Ndugu wa uzao mmoja walio chini ya mwaka, wawe madume au majike, usiwatenganishe. Dume mzima ambaye hajahasiwa huzunguka eneo kubwa na aghalabu hana wa kudumu naye, ingawa dume aliyehasiwa mapema akakulia kundini anaweza kushikamana sana na mwenzake. Paka mwenye jicho moja, kipofu, kiziwi au mzee sana mchunguze kwa makini ya pekee. Wengine wao huongozwa na mwenzao kwenda kula na kurudi, na ukimtoa bila huyo unaweza kumtoa bila macho yake.

Upande wa pili, kuna paka asiyehitaji wa kwenda naye. Huyu husubiri wengine wamalize ndipo aje, hukaa mita kadhaa kutoka kwa wote, hupuliza kwa hasira akikaribiwa, na mara nyingi ana makovu masikioni au usoni. Kwake kuhama peke yake kunaweza kuwa nafuu.

Kuamua

Kama ana mwenza, wahame pamoja, siku moja, gari moja. Hapa hatuna "labda". Kama mahali papya pana nafasi ya paka mmoja tu, basi hapo si mahali pake. Tafuta pengine.

Ugumu wa kawaida ni kwamba mmoja anaingia mtegoni na mwingine anakataa. Jiandae hivi: acha kuwapa chakula saa 24 kabla ya kutega (maji yabaki), tega mitego 2 au zaidi kwa wakati mmoja, na ufunike kila mtego kwa shuka mara tu paka anapoingia. Aliyekamatwa asikae ndani ya mtego zaidi ya usiku mmoja; mhamishie kwenye kizimba cha kumtunzia. Anapopona upasuaji wa kuhasiwa au kufungwa kizazi, una muda wa kumtafuta wa pili bila kumtesa wa kwanza. Kitambaa alicholalia kikiwekwa ndani ya mtego kinaweza kumvuta mwenzake. Asipoingia ndani ya siku chache, ni bora kumrudisha wa kwanza kwao na kuanza upya kuliko kuondoka na nusu ya jozi, isipokuwa kama pale kwao maisha yao yako hatarini.

Kama hana mwenza, lakini anakokwenda kuna paka wengine wa nje waliohasiwa na wanaolishwa vizuri, usimwongezee paka wa kwenda naye. Atawanusa akiwa kizimbani nao watamnusa, na urafiki ukija utakuja wenyewe. Kuleta mgeni wa pili asiyemjua ni kumpa mpinzani wa nyongeza.

Kama hana mwenza na anakokwenda hakuna paka hata mmoja, angalia kundi alilotoka. Yupo ambaye hawagombani, hata kama hawasuguani? Kama naye anapaswa kuhama, wapeleke wawili hao. Sababu yetu ni ya kivitendo kuliko ya huruma: harufu ya paka anayefahamika hupunguza hofu ya siku za mwanzo, na wawili waliozoeana huelekea kushikilia mahali papya kuliko mmoja anayetangatanga kutafuta alichoacha. Asipokuwepo wa namna hiyo, aende peke yake na apewe kifungo kizuri, yaani kufungiwa kizimbani wiki za mwanzo hadi azoee mahali papya. Paka shume mzima mwenye afya, chakula cha uhakika na mahali pa kujificha anaweza kuishi vizuri bila paka mwingine.

Usichukue paka usiyemjua kutoka kundi jingine ili tu idadi iwe 2. Wageni wawili waliofungiwa kizimba kimoja hawana pa kukimbilia, na paka asiye na pa kukimbilia hupigana.

Kizimba cha mmoja, kizimba cha wawili

Paka mmoja anahitaji kizimba cha urefu wa sentimita 120 hivi, upana 75 na kimo 80. Jozi inahitaji vizimba viwili vya namna hiyo vilivyounganishwa, au chumba kisichopungua mita 2 kwa 2. Weka boksi la kujificha kwa kila paka, takriban sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Kwa jozi liwe na matundu mawili ili mmoja asizibiwe njia ndani. Kila mmoja awe na beseni lake la mchanga na sahani yake, na chakula kiwe mbali na mabeseni kadiri nafasi inavyoruhusu. Siku za kwanza changanya udongo wa kawaida kwenye mchanga wa beseni, kwa kuwa ndio wanaoujua. Lete pia matandiko ya kule walikotoka, bila kuyafua.

Funika pande tatu na juu kwa shuka. Muda wa kifungo ni wiki 3 hadi 4, wawe mmoja au wawili. Kosa linalorudiwa sana ni kufungua baada ya wiki moja kwa kuwa "wako wawili, hawatakimbia". Watakimbia, na wataondoka pamoja.

Jozi iliyotoka hospitali inaweza kupigana usiku wa kwanza, hata kama walikuwa wakilala wamekumbatiana miaka. Harufu ya dawa imefunika harufu ya kundi, hivyo kila mmoja anamwona mwenzake mgeni. Wafanyie upasuaji siku moja ili wote warudi na harufu moja, kisha watenge kwa ubao au shuka nene kati ya vizimba kwa saa 24, ukibadilishana vitambaa vyao vya kulalia. Fungua kati yao wakati wa chakula. Usikate tamaa na kusema hawakuwa wenza.

Mambo yanayodhaniwa ni upweke

Kulia usiku. Siku 2 au 3 za kwanza paka wengi huita na kutikisa mlango gizani. Anataka kutoka. Kumletea paka mwingine hakumtulizi. Kupunguza mwanga, kuondoa kelele na watu, na kumpa chakula cha majimaji jioni ile ile kila siku humtuliza.

Pua iliyochubuka. Anasukuma nyavu kwa uso akitafuta upenyo. Ziba pande zinazopitisha mwanga, na uhakikishe boksi la kujificha linamtosha.

Kulala ndani ya beseni la mchanga. Watu huliona jambo hili wakadhani amevunjika moyo. Sababu ni rahisi: beseni lina kingo na hakuna kitu kingine ndani ya kizimba chenye kingo. Mpe boksi, ataliacha.

Kukaa ameelekea ukutani bila kusogea. Ni hofu kubwa. Ukikuta asubuhi chakula kimeliwa na beseni limetumika, usiku anaishi maisha yake, na kinachohitajika ni muda.

Kutokula ndilo la kuogopa. Kupitisha siku ya kwanza bila kula ni kawaida. Kufikia saa 48, mpe kitu chenye harufu kali, kama samaki wa majimaji aliyepashwa moto kidogo. Zikifika saa 72 mpigie daktari wa mifugo, na kama paka ni mnene usingoje hizo 72, kwa kuwa mafuta huweza kujaa kwenye ini lake ndani ya siku chache za njaa na kumuua. Dume anayekwenda kwenye beseni mara kwa mara bila kutoa mkojo ni dharura ya saa ile ile: njia ya mkojo imeziba. Ugonjwa uliopewa jina la huzuni umewaua paka wengi ambao wangepona.

Dalili za kwamba anaendelea vizuri peke yake ni za kawaida mno: anakula kufikia usiku wa 2 au wa 3, anatumia beseni, anajilamba, analala ubavu badala ya kujikunyata, na ifikapo wiki ya pili anatokeza kichwa akisikia sahani.

Ukifika wakati wa kumletea mwenza baadaye

Usilifikirie hili kabla paka hajatoka kizimbani na kukaa mahali papya angalau wiki 6 hadi 8. Kinachotushawishi ni mwenendo wake kwa paka wengine: anamwendea paka wa jirani mkia juu, anakaa karibu naye uani bila ugomvi, anaita akimwona. Umri pia una uzito, kwa kuwa paka mchanga wa miezi 5 hadi 12 ana haja ya kucheza kuliko mzee wa miaka 9. Kama anachofanya ni kuwafukuza paka wote wanaopita, amekujibu.

Mwenza afae hivi: amehasiwa au kufungwa kizazi, amechanjwa, damu imepimwa virusi vya FIV (vinavyodhoofisha kinga ya paka) na FeLV (vinavyoweza kumletea saratani ya damu), umri na ukubwa unakaribiana na wa mwenyeji, na historia yake ni ya kuishi kundini. Dume aliyehasiwa karibuni asubiri wiki 6 hivi, kwa kuwa homoni na tabia zake hazibadiliki siku ya upasuaji. Paka wa ndani aliyezoea watu hafai kabisa; unamtupa nje kwa ajili ya mwingine. Kitoto cha chini ya wiki 8 pia hakifai, kwani bado kinaweza kuzoeshwa watu na kupata nyumba.

Mgeni aanze kifungo chake mwenyewe cha wiki 3 hadi 4, kizimbani, mahali ambapo mwenyeji anaweza kufika lakini si pale anapolala wala kulia chakula. Funika pande tatu. Siku 4 za kwanza badilishana vitambaa tu. Kisha mlishe mwenyeji mita 3 kutoka kizimbani na usogeze sahani nusu mita kila baada ya siku 2, mradi anakula bila kukazia macho kizimba. Akikataa kula, rudi hatua moja nyuma. Kupuliza kwa hasira mara moja moja si kitu. Kuvizia kizimba, kunguruma mfululizo, au kurusha kucha kwenye nyavu ni sababu ya kusimama hapo hapo kwa siku kadhaa.

Ukifungua mlango, fungua muda mfupi kabla ya chakula na uache kizimba pale pale kilipo kwa wiki 2 zaidi. Weka sahani 2 kwa umbali wa mita 5 au zaidi, ikiwezekana pasipoonana, na sehemu za kujificha ziwe moja zaidi ya idadi ya paka. Tazama nani anamzibia nani njia. Ukorofi wa kimya wa kukaa katikati ya njia na kukodoa macho hufukuza paka kuliko mapigano yenye kelele. Jeraha la jino huziba juu na kutunga usaha ndani, hivyo uvimbe unaweza kuonekana siku 2 hadi 4 baada ya ugomvi ambao hukuuona. Mwenyeji akiacha kuja kula kwa siku 2, tenganisha sehemu za kulishia mara moja, mbali zaidi. Mgeni asiachwe ampokonye paka wa kwanza makao uliyohangaika kumpatia.

Mmoja wa jozi akitoweka

Hutokea, hasa siku chache baada ya kufungua mlango. Paka aliyeshtuka mahali pageni kwa kawaida hujificha karibu na hukaa kimya hata akiitwa. Mtafute usiku kwa tochi, ukiishika usawa wa macho yako ili uone mng'ao wa macho yake chini ya sakafu, vichakani, juu ya dari. Acha kizimba wazi na matandiko ambayo hayajafuliwa ndani yake, weka chakula saa ile ile, na tega kamera. Aliyebaki usimwachie atoke "akamtafute" kama bado yuko kizimbani. Mweke humo muda wake wote wa kifungo, kwa sababu harufu na sauti yake ndizo zinazoweza kumrudisha mwenzake. Omba walio karibu na kule walikotoka waangalie, kwani wapo wanaojaribu kurudi hata kutoka mbali.

Aliyebaki anaweza kuita na kuzungukazunguka kwa wiki moja au mbili. Endelea kumlisha kwa saa zake na uangalie sahani kila siku. Mpango wa kumletea mwingine usubiri hadi awe amerudia kula na kulala kama kawaida, na hata hapo uanze na swali lile lile la namna anavyowaendea paka wengine.